Sanduku la Bustani ya Ndege Wavumaji: Tathmini Baada ya Misimu Mitatu

Misimu mitatu iliyopita nilinunua kwa dola 94, gharama ya kusafirisha ikiwa ndani, sanduku la kupandia bustani ya ndege wavumaji, wale wadogo wanaokunywa maji matamu ya maua, ambalo kitalu kimoja cha mimea huliuza kwa posta. Juu ya kifuniko palichapishwa ahadi kwamba ndege watafika nyumbani kwa mnunuzi katika msimu uleule wa kwanza, na chini ya ahadi hiyo picha ya ndege sita wakinywa pamoja kutoka chombo kimoja kwa amani kubwa. Ndani mlikuwa na miche sita, chupa ya kioo ya kuwalishia ndege, pakiti ya unga mwekundu wa kukoroga na maji, na karatasi ya mchoro wa kupanga bustani. Ninaishi Columbus, Ohio, kwenye nyumba yenye kiwanja kidogo nyuma, hatua kumi na mbili kwa ishirini, chenye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa joto. Kitalu sikitaji jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayosema ni malalamiko, na kwa kuwa masanduku ya namna hii huuzwa na wengi, tena yakiwa na vitu vinavyokaribiana sana.

Kipimo nilichokitumia ni ndege mwenyewe. Ndege wavumaji hupatikana katika mabara mawili ya Amerika tu, na ingawa aina zao zinapita mia tatu, anayezaliana mashariki mwa Marekani ni mmoja: yule ambaye dume lake lina koo jekundu linalong'aa kama kaa la moto, jina lake la kisayansi Archilochus colubris. Uzito wake ni gramu tatu hivi, yaani unaizidi kidogo tu sarafu ya senti moja ya Marekani, ambayo ina gramu 2.5, mabawa yake hupiga mara hamsini hivi kwa sekunde, na ndiyo yatoayo ule mvumo uliompa jina. Majira ya baridi huyapitisha Meksiko na Amerika ya Kati, kisha hurudi kaskazini, wengi wakivuka Ghuba ya Meksiko kwa safari ya kilomita 800 hivi bila kutua, na hapa kwetu madume huanza kuonekana wiki ya mwisho ya Aprili. Huondoka Septemba, wachache wakichelewa hadi mwanzo wa Oktoba. Bustani inayowafaa, basi, ni ile yenye mbochi, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya maua, kwa muda wote wa miezi hiyo mitano bila pengo, na jambo la kwanza la kumuuliza muuzaji ni kila mche unachanua lini. Wekundu wa maua, ambao matangazo huusifu mno, huja baadaye katika orodha ya maswali.

Miche iliwasili mizima, kila mmoja ndani ya kikopo kisichozidi ngumi, mizizi ikiwa imezungushiwa karatasi yenye unyevu. Kwa ufungaji sina lawama. Lawama ni tarehe. Sanduku lilifika mwishoni mwa Machi, wakati jalidi, yaani umande ulioganda, hapa Columbus inaweza kushuka hadi katikati ya Mei, na miche iliyokuzwa ndani ya banda la joto haiwezi kutolewa nje siku hiyohiyo ikabaki hai. Kwa wiki sita nusu ya meza yetu ya kulia iligeuka kitalu, na kila mlo ulitanguliwa na kazi ya kuhamisha vikopo. Niliwaandikia, wakanijibu baada ya siku mbili wakiomba radhi, na msimu uliofuata niliona kwamba mteja anaruhusiwa kuchagua wiki ya kupokea mzigo wake. Katika barua ileile niliwauliza kama miche hutibiwa kwa viuatilifu vya jamii ya neonikotinoidi, ambavyo husambaa ndani ya mmea mzima hadi kwenye mbochi, nao wakajibu kwa maandishi kwamba hawavitumii kabisa. Jibu hilo lilinitosha kuendelea kuwa mteja, maana ndege huyu hawezi kuishi kwa maji matamu peke yake. Hula wadudu wadogo na buibui kila siku, na makinda yake hukuzwa hasa kwa nyama hiyo.

Mche uliostahili peke yake nusu ya bei ni ule wa Lonicera sempervirens, mmea utambaao wenye maua membamba marefu kama tarumbeta ndogo, mekundu kwa nje na ya manjano kwa ndani, ambayo hayana harufu. Mwanzoni niliiona hiyo kuwa kasoro, kwa kuwa nilikulia mahali ambapo ua lisilonukia halipandwi karibu na baraza, lakini ndege mvumaji huongozwa na macho na wala hana haja na manukato. Msimu wa kwanza haukutoa ua hata moja. Ulikuwa majani matupu yaliyojizungusha kwenye kamba, na kwa upande wake ahadi ya kifuniko cha sanduku ikabaki ahadi. Msimu wa pili ulipanda uzio hadi usawa wa kichwa changu na kuchanua mwanzoni mwa Mei. Asubuhi ya tarehe 3, kabla sijamaliza chai, dume wa kwanza wa msimu huo alifika, akasimama hewani mbele ya mmea kama anayesoma bango, kisha akapitia ua baada ya ua kwa utaratibu wa mkusanya kodi asiyeruka nyumba hata moja. Alipomaliza alitua kwenye kamba ya kuanikia nguo. Tangu hapo mmea huo haujakosa maua kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo mpaka jalidi ya kwanza, na hakuna mwingine katika sanduku unaofanya hivyo.

Una adha yake moja: kila majira ya machipuko vidukari hujaa kwenye ncha changa na kuzikunja. Nimezoea kuwaondoa kwa maji ya bomba yenye nguvu, asubuhi mbili au tatu mfululizo, na sijawahi kupiga dawa, kwa sababu kupiga dawa mahali ambapo unamwita mla wadudu ni kumwalika mgeni kisha kumwaga chakula chake. Hapa pia ni lazima nimwonye mnunuzi anayetaka kuutafuta mmea huu dukani badala ya kununua sanduku zima. Upo ndugu yake, Lonicera japonica, mwenye maua meupe yanayogeuka manjano na harufu ya kuvutia, aliyeletwa kutoka Asia na ambaye sasa amevamia misitu ya majimbo mengi ya mashariki hadi kunyonga miti michanga. Majina yao ya kawaida ya Kiingereza yanafanana kiasi kwamba kibandiko cha dukani kinaweza kukupotosha. Soma jina la Kilatini. Kama neno sempervirens halipo, rudisha kikopo mahali pake.

Aquilegia canadensis ndiyo inayochanua mapema kuliko zote, tangu mwisho wa Aprili, kwa maua mekundu na manjano yanayoning'inia vichwa chini, hivyo huwapokea madume waliotoka safari kabla ya kingine chochote kuwa tayari. Mche wa awali ulikufa baada ya msimu wa pili, jambo la kawaida kwa mmea usioishi miaka mingi, lakini uliacha watoto katika kila ufa wa njia ya mawe, na sijalazimika kununua mwingine. Monarda didyma hufuata kuanzia mwisho wa Juni hadi Agosti, na majani yake, ambayo wenyeji wa eneo la Oswego huko New York waliyatumia kama chai, yana harufu inayobaki mkononi siku nzima. Kasoro yake ni ubwiri unga. Aliyewahi kuona mikorosho ya Mtwara ikipakwa weupe na ugonjwa wenye jina hilo atautambua mara moja, ingawa kuvu wenyewe si walewale. Hapa hauui mmea, ila huutia aibu mbele ya wageni. Nilipunguza mashina ili hewa ipite, nikaacha kumwagilia majani, na msimu wa tatu ulipungua sana.

Lobelia cardinalis ni habari nyingine. Huu ni mmea wa kando ya vijito, unaotaka udongo usiokauka, na kwa mara ya kwanza mfinyanzi wangu uligeuka kuwa mali: niliupanda chini ya bomba linaloshusha maji ya paa, ukapata kila ulichohitaji. Huchanua kuanzia mwisho wa Julai hadi Septemba kwa wekundu ambao kamera ya simu yangu haiwezi kuushika bila kuuharibu, na mrija wa ua lake ni mrefu kiasi kwamba wadudu wengi hawafiki kwenye mbochi. Chakula hubakia kwa mwenye mdomo mrefu. Ni wakati huo makinda huwa wameshatoka kwenye viota na wasafiri kutoka kaskazini wameanza kupita, wote wakitafuta mafuta ya safari, kwa hiyo faida ya mmea huu ni kubwa kuliko urefu wa msimu wake. Lakini karatasi ya maelekezo iliniambia niufunike wote kwa matandazo kabla ya baridi, nami nikatii, na machipuko yalipofika nikakuta umeoza. Shada la majani yanayobaki chini wakati wa baridi linahitaji mwanga na hewa. Matandazo yawekwe kuuzunguka na yasiwekwe juu yake. Nilinunua mwingine kwa dola tisa. Mpaka leo karatasi hiyo haijasahihishwa, na hilo ni kosa lisilosameheka kwa watu wanaoishi kwa kuuza mimea.

Miche miwili iliyobaki haikupaswa kuwamo. Wa kwanza ni Campsis radicans, mtambaaji wa maua makubwa ya rangi ya machungwa ambayo ndege huyapenda kweli, lakini hukua hadi mita kumi, huchoma mizizi yake ndani ya mbao za ukuta, na hutoa machipukizi ya mizizini mbali na shina. Kwa mwenye shamba na mti mkavu wa kuupandisha, ni zawadi; kwa kiwanja cha hatua ishirini ni kesi na jirani. Niliung'oa mwanzoni mwa msimu wa pili na mpaka sasa ninakata machipukizi yake kwenye nyasi. Wa pili ni Salvia guaranitica, mwenyeji wa Amerika ya Kusini, mwenye maua ya buluu iliyokolea. Ndege waliupenda mara moja, na ndio pekee uliochanua msimu wa kwanza, jambo linaloonyesha kwamba rangi nyekundu si sharti. Baridi ya Ohio iliuua kabla ya Krismasi, kama inavyouua kila mwaka kwa kila asiyeuhamishia ndani. Karatasi haikusema neno. Mtu akiniuzia mmea wa msimu mmoja nitaununua kwa bei ya msimu mmoja, mradi aniambie.

Pakiti ya unga mwekundu ilikuwa na sukari na rangi, basi, na rangi hiyo haina kazi kwa ndege, kwa kuwa sehemu nyekundu ya chombo chenyewe inatosha kumwita. Kinachohitajika kiko jikoni kwa kila mtu: kikombe kimoja cha sukari nyeupe ya kawaida kwa vikombe vinne vya maji, ikorogwe mpaka iyeyuke, ipoe, itiwe kwenye chombo, na inayobaki iwekwe kwenye friji. Sukari ya kahawia haifai, wala sukari bandia. Asali ndiyo iliyotuletea mjadala nyumbani, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Muheza kukaa nasi miezi mitatu na alikuwa amebeba chupa yake ya asali ya nyuki wadogo.

"Mwanangu," aliniuliza, "utawanywesha wageni maji ya sukari na asali ipo ndani?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba asali ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha ukungu unaoweza kumdhuru ndege huyu, naye akanisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha asali ile akaitia kwenye chai yangu. Ndiye pia aliyewaita chozi siku ya kwanza kuwaona, na sikumlaumu. Chozi tunaowajua kutoka kwenye ua la mgomba na mashina ya mshubiri wana mdomo uleule uliopinda au kunyooka kama sindano, mng'ao uleule wa manyoya na ulafi uleule wa mbochi, lakini ni familia nyingine kabisa, na kufanana kwao kumetokana na kufanya kazi moja katika mabara yaliyotengana. Tofauti aliitambua mwenyewe kabla sijaitaja: chozi kwa kawaida hutua kwenye tawi ndipo anywe, na huyu wa hapa hunywa akiwa hewani, tena huweza kurudi kinyumenyume. "Hawa wenu hawana adabu ya kukaa," alisema. Kwa msomaji aliyeko Afrika Mashariki, basi, sanduku la namna hii halina maana yoyote, hata kama linauzwa mtandaoni; mgomba na mshubiri vitamletea chozi bila kulipa posta.

Chupa ya kioo ilikuwa nzuri kuitazama na mbaya kwa kila kitu kingine. Ni ya aina inayogeuzwa kichwa chini, maji yakizuiwa yasimwagike na mkandamizo wa hewa. Jua linapoipasha joto, hewa iliyobaki ndani hutanuka na kuyasukuma maji nje, hivyo kuanzia saa saba mchana ilikuwa ikidondosha sukari juu ya sakafu ya baraza. Sisimizi walipata habari siku ya pili, nyigu siku ya tatu. Shingo yake ni nyembamba kiasi kwamba brashi ya kawaida haipiti, na chombo kisichosafishika hakifai, kwa sababu katika joto la Julai maji ya sukari yanapaswa kubadilishwa kila baada ya siku mbili na chombo kusuguliwa kwa maji ya moto, pamoja na siki kidogo kila mara weusi unapoanza kuonekana kwenye matundu. Baada ya mwezi niliistaafisha, sasa ina maua ya karatasi juu ya kabati. Nafasi yake ilichukuliwa na kisahani cha plastiki chenye kifuniko chekundu nilichokinunua kwa dola kumi na mbili, ambacho maji yake hukaa chini ya matundu kwa kiasi kwamba ulimi wa ndege hufika na mdomo wa nyigu haufiki. Katikati kina kikombe kidogo cha maji kinachowazuia sisimizi wanaoteremka na waya. Hakina uzuri wowote. Hakijawahi kudondosha tone.

Ama picha ya ndege sita waliokaa kwa amani, hiyo ni kazi ya mchoraji. Dume aliyefika Mei aliuhodhi uwanja wote, akakaa juu ya kamba ya nguo kuanzia asubuhi hadi jioni akimfukuza kila aliyekaribia, hata majike, hata vipepeo, na siku moja alimrukia mbayuwayu. Dawa niliyoipata ni kutundika kisahani cha pili upande wa mbele wa nyumba, mahali asipoweza kupaona akiwa kwenye kamba yake, ndipo jike mmoja alipoanza kufika kila siku. Wengi zaidi niliowahi kuwaona kwa pamoja ni wanne, mwishoni mwa Agosti msimu wa tatu, wakati madume wenye ukali walikuwa wameshaanza kuondoka na waliobaki ni majike na vijana. Mchoro wa bustani ulipendekeza chombo kiwekwe katikati ya vichaka virefu, na huko ndiko nilikomkuta vunjajungu mkubwa akiwa amejinyoosha juu ya kifuniko chekundu akingoja. Vunjajungu wa ukubwa huo huwakamata ndege wavumaji na kuwala. Nilimhamishia kwenye uzio wa mbali, na chombo nikakihamishia mahali peupe, kiasi cha hatua mbili kutoka kichaka cha karibu.

Jirani yangu alinishauri nikiondoe chombo kufikia siku ya kwanza ya Septemba ili ndege wasije wakasahau kuhama. Hawasahau, kinachowaondoa ni kupungua kwa urefu wa mchana, wala sukari haiwezi kuwazuia. Mimi hukiacha mpaka katikati ya Oktoba kwa ajili ya wapitao wa mwisho.

Kama sanduku, ninalipatia nyota tatu kati ya tano, zote tatu zikiwa za mimea minne na jibu la maandishi kuhusu viuatilifu. Mwenye kiwanja kidogo katika majimbo ya mashariki ya Marekani atapata faida kubwa zaidi akiagiza kutoka kitalu hichohicho, ambacho huuza pia mche mmojammoja, Lonicera sempervirens, Aquilegia canadensis, Monarda didyma na Lobelia cardinalis, kisha kununua kisahani cha plastiki dukani. Kwa bei za msimu huu hesabu hiyo haizidi dola 58 pamoja na posta, na wiki ya kupokea ni ya pili ya Mei.